Jumapili Aliyokaa Exaucée

Jumapili ile Exaucée aliamka saa kumi na moja alfajiri kama alivyozoea, akaketi kitandani kidogo, kisha akajilaza tena. Mama yake, aliyekuwa akipuliza makaa ya sigiri mlangoni, aligeuka.

"Guerschom anakungojea kule kanisani. Viti havitajipanga vyenyewe."

"Avipange yeye."

Mama aliacha kupuliza. Exaucée hakuwa mtoto wa majibu. Huyu ndiye msichana ambaye mteja akimuuliza bei ya kitenge, humjibu huku anakitazama kitenge. Miaka minne walikuwa wameishi Namuwongo, mtaa wa Kampala, na majirani wa upande wa reli walikuwa bado hawajaamua kama ana haya au ana maringo.

"Unaumwa?"

"Siumwi, mama. Nitakuja saa nne, kama watu."

Mama alitaka kuuliza watu gani, akajizuia. Alijua.

Katika kanisa lao, lile la mabati ambako Wakongo wengi wa mtaa husali, kulikuwa na watu na kulikuwa na protokoli. Watu huja saa nne, hukaa, huimba, husikia neno, hurudi nyumbani. Protokoli ni wale wasichana sita wa blauzi nyeupe na sketi nyeusi. Wao hufagia, hupanga viti mia mbili, hupokea wageni, hushika maji ya mhubiri na kitambaa chake cha jasho, huwapikia watumishi chakula, na jioni huosha vyombo na kuvirudisha viti vile vile ukutani. Na sheria ya kwanza ya protokoli ni kwamba protokoli hakai. Ibada ikichukua saa tano, yeye yuko wima saa zote tano. Exaucée alikuwa wima mwaka wa tatu sasa.

Kama angekuwa anakaa siku nyingine, lisingekuwa neno. Lakini Jumatatu hadi Jumamosi alikuwa na vitenge begani na vingine kichwani, anapanda Kibuli, anashukia Kabalagala, anafika mpaka Katwe kwa wafua vyuma, ambako nyundo hupigwa kiasi kwamba mtu mwenye sauti ndogo kama yake hana budi kuuza kwa kuonyesha bei kwa vidole. Jioni akivua viatu, kamba zake zilikuwa zimeacha mifereji miguuni, na mifereji hiyo ilikuwa haijajaa bado asubuhi anapovivaa tena.

Mwezi uliopita usingizi ulimchukua akiwa amesimama. Alikuwa pembeni ya madhabahu, ameshika sinia la maji. Macho yakafumba, sinia likaenda, glasi ikapasukia miguuni pa Mchungaji Mushagalusa katikati ya sala. Hakuna aliyesema mtoto amechoka. Walisema ana pepo la usingizi. Wakamweka katikati, wakamwekea mikono kichwani na mabegani, wakalikemea pepo kwa lugha tatu, na Exaucée, ambaye hapendi kuguswa wala kutazamwa, akasimama pale akilia kwa aibu. Walipomaliza wakamuuliza kama anajisikia mwepesi. Akasema ndiyo. Kisha akaenda kuchukua ufagio akafagie vigae vya glasi.

Juma lile ndipo alipoanza kusoma. Shule aliiachia darasa la tano, mwaka walipokimbia vita, kwa hiyo husoma kwa kidole, neno hadi neno, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Aliitafuta amri ya kupumzika. Alikuwa ameisikia tangu utoto, lakini kuisikia umesimama si sawa na kuisoma umekaa. Akakuta haimwambii mwenye nyumba peke yake apumzike. Inamtaja mtumishi wa kiume na wa kike. Inataja wanyama wa kazi. Inamtaja mpaka mgeni aliyefikia kwa wenyeji. Kidole kilikaa hapo muda mrefu. Yeye ni mgeni Uganda, ana karatasi ya kuthibitisha. Ni mtumishi kanisani, ana blauzi. Na kama hayo hayatoshi, mgongo wake ulijua vizuri mambo ya punda.

Alhamisi, siku ya mazoezi, alimwambia Guerschom, kiongozi wa protokoli.

"Jumapili sitafanya kazi. Nitapumzika."

Guerschom ni kijana mtanashati wa glavu nyeupe, tena huvaa kidude sikioni kama walinzi wa wakubwa, ingawa waya wake unaishia mfukoni, haujaunganishwa na kitu. Alicheka.

"Na malaika nao wakipumzika, nani atafungua mbingu?"

Akaendelea kusoma zamu. Exaucée, maji ya Mtume. Maana Jumapili hiyo alikuwa anakuja mhubiri mgeni kutoka Bukavu, aitwaye Mtume, na kanisa zima lilikuwa linapakwa rangi kwa ajili yake.

Ndivyo ilivyo kuwa na sauti ndogo. Watu wanakusikia vizuri, kisha wanaendelea na yao.

Saa nne na robo Exaucée aliingia kwa mlango wa watu, amevaa gauni la buluu na kandambili safi. Kanisa lilikuwa limejaa pomoni. Vilivyobaki vilikuwa viti vya mstari wa mbele kabisa, vya wageni wa heshima, vyenye vitambaa vyeupe, na viwili kule nyuma, pembeni ya spika, karibu na mwanamke aitwaye Akot. Hapo ndipo alipokosea. Kwenda mbele kulikuwa kupita kati ya macho mia nne. Haya zikamwamulia. Akakaa nyuma bila kufikiri.

Kila muumini wa pale anajua viti vitatu vile vya nyuma ni vya nani. Ni vya waliotengwa. Mtu akikutwa katika dhambi hukaa pale miezi mitatu, haimbi kwaya, hakaribii meza ya Bwana, na mwenye kutaka habari zake hugeuza shingo tu. Msichana asiyeolewa akionekana pale, hakuna anayeuliza ni dhambi gani.

Akot alikuwa mwanamke mwenye kiwiliwili kikubwa, binti wa mwanajeshi wa kaskazini, aliyezaliwa kambini na kujifunza Kiswahili cha amri kabla ya kingine chochote. Yeye alitengwa kwa kuuza waragi, ile pombe kali ya mtaani, na waragi alikuwa bado anauza.

"Mimi nakaa hapa sababu ya waragi," alimnong'oneza, na mnong'ono wa Akot hufika barabarani. "Wewe sababu ya nani?"

"Si sababu ya mtu. Nimechoka. Leo napumzika."

"Aa." Akot alilitazama gauni la buluu, akalitazama hasa pale katikati. "Hiyo uchovu yako, hawa watu watapea jina ya mwanaume."

Shingo zilikuwa zimeanza kugeuka. Mama mmoja wa kwaya alimgusa mwenzake. Mwenzake akageuka, akageukia mbele tena, na mkononi mwake, chini chini, kidole gumba kikawa kinagusa vidole vingine kimoja kimoja. Exaucée ameuza vitu kwa vidole siku nyingi. Alimjua mtu anayehesabu miezi.

Wa mwisho kugeuka alikuwa mama yake, mstari wa tatu. Alimtazama binti yake, akakitazama kiti, akafumba mdomo kama mtu aliyeuma ulimi.

Hapo ndipo Exaucée alipoelewa amekaa wapi. Jina zuri ndiyo mali pekee waliyotoka nayo Kongo, yeye na mama yake, na sasa lilikuwa linapita kutoka mstari hadi mstari likichafuka kila linapofika. Dawa aliijua. Asimame. Asimame tu, ashike sinia, wamwone na maji mkononi kama kila Jumapili, na maneno yangekufa kabla ya wimbo wa pili. Lakini akisimama leo, atakuwa amesimama mpaka azeeke.

Guerschom alikuja akipita ukutani, ameinama.

"Wewe, gari la Mtume limefika. Blauzi iko wapi?"

"Nyumbani."

"Basi njoo hivyo hivyo."

"Nilikwambia Alhamisi."

"Nilidhani unaleta utani. Mtu anapumzika akifa, Exaucée, simama." Ndipo alipokiona kiti. Sauti yake ikashuka. "Nani kakuweka hapa?"

"Nimekaa mwenyewe."

"Hakuna anayekaa hapa mwenyewe. Sasa watauliza ni nani. Unanielewa? Watatafuta kijana aliye karibu yako kila Jumapili. Nani yuko karibu yako kila Jumapili?"

Akot aliinamisha kichwa akacheka mpaka kiti kikalia. "Guerschom, kumbe baba ni wewe?"

Guerschom alivua glavu moja, akaivaa tena.

"Dakika tano," akasema, na sasa alikuwa anaomba. "Simama dakika tano wakuone, kisha ukakae utakapo. Nina mchumba mimi, tena baba yake ni polisi."

"Hapana, Guerschom."

"Mbona unanifanyia hivi?"

"Sikufanyii kitu. Nimekaa."

Aliondoka. Baada yake akaja Mama Mchungaji mwenyewe, Marie-Louise, akachuchumaa pembeni ya kiti ingawa kitenge chake kilikuwa kipya na sakafu ina vumbi. Hakuwa mtu mbaya. Aliuchukua mkono wa Exaucée akauweka katika mikono yake.

"Binti yangu, niambie kweli. Uko peke yako, au mko wawili?"

"Niko peke yangu, Mama Mchungaji."

"Mungu asifiwe. Basi usiliue jina lako bure. Twende ofisini, kuna kitanda kule. Nitatangaza umeshikwa na malaria. Utalala ibada nzima. Si kupumzika ndiko unakotaka?"

Kitanda kile Exaucée alikijua. Ndiye hutandika shuka lake. Kilimwingia moyoni kama maji baridi. Angelala. Watu wangesema maskini, malaria, na mama yake angeinua kichwa. Lakini mwenye malaria hupona, na Jumapili ijayo angeamka saa kumi na moja, mzima, apewe sinia.

"Siumwi, mama," akasema. "Siku ya Mungu siwezi kuipumzika kwa uongo."

"Kwani wewe peke yako ndiye uliyechoka? Mimi unadhani nililala saa ngapi jana? Wageni tisa nyumbani kwangu."

Hakusema kwa hasira, ndiyo maana Exaucée aliinua macho na kumtazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Poda ilikuwa imepakwa vizuri, lakini chini ya macho ilikuwa imeshindwa.

"Basi kaa na wewe, mama. Hiki hakina mtu."

Marie-Louise alikitazama kiti cha tatu. Alikitazama muda mrefu kuliko mtu anavyotazama kiti. Kisha akainuka, akakaza kilemba, akarudi mbele kwenye shughuli zake.

Mtume aliingia kwa vigelegele. Alipofika madhabahuni akanyoosha mkono pembeni bila kutazama, kama anavyofanya mtu aliyezoea kupewa, na mkono ukabaki hewani. Guerschom alikimbia na sinia, na kwa vile hakuwahi kulibeba, nusu ya maji iliishia kwenye glavu zake. Watu waliona. Mchungaji Mushagalusa aliona kwamba watu wameona. Akachukua kipaza sauti.

"Leo protokoli wetu mmoja amekaa," alisema, na tabasamu lake halikuwa baya. "Tena amekaa pabaya. Exaucée, binti yetu, simama uliambie kanisa, ili kanisa likuombee."

Spika za kanisa jirani zikasikika zikiimba kwa Kiganda, na bodaboda moja ikapita nje ikipiga honi.

Miguu ya Exaucée ilikuwa imeshaanza kutii. Ilikuwa imetii miaka mitatu, haikuhitaji kumuuliza. Alizishika kingo za kiti kwa mikono yote miwili, akajibana pale pale. Katika kanisa lile hakuna mtu aliyewahi kumjibu Mchungaji akiwa amekaa.

"Papa Mchungaji, nitasema nikiwa nimekaa."

"Anasema nini?" mtu aliuliza kule mbele.

"Anasema yeye atasema akiwa nakaa!" Akot alitangaza kwa sauti ya gwaride.

Exaucée aliendelea. "Sina mimba. Sina mwanaume. Siumwi."

"Hana mimba, hana bwana, haiko mgonjwa."

"Siku sita natembeza vitenge. Ya saba nabeba viti vya kanisa na sinia la kanisa. Amri ya Mungu inampumzisha mpaka punda. Na mimi leo nimekaa."

"Hata punda anapumzika," Akot alifupisha.

Kicheko kilipita upande wa wanaume, kikageuzwa kikohozi. Mchungaji alingoja kiishe. Alikuwa mzoefu wa maneno.

"Binti yangu, umechanganya mambo. Kumtumikia Mungu si kazi. Kumtumikia Mungu ndilo pumziko lenyewe."

Amina zikaitika. Exaucée alingoja nazo ziishe. Alijua jibu, kwa sababu alikuwa amelijibu kila Jumapili akiwa kimya jikoni, mikono ndani ya masufuria.

"Kama ni pumziko, Papa, basi lisiwe la wasichana sita peke yetu. Wazee wa kanisa nao wapewe, wapumzike nalo."

Akot hakurudia. Haikuwa lazima. Sauti ilikuwa imefika yenyewe, na ilimshangaza Exaucée kuliko ilivyomshangaza mtu mwingine. Mstari wa wazee ukawa unatazama viatu.

"Tutalizungumza kesho, ofisini," Mchungaji alisema.

"Kesho niko Katwe, Papa. Ni siku ya kazi."

Sasa uso wa Mchungaji ulibadilika, maana Mtume alikuwa ameanza kutabasamu.

"Vizuri. Kiti umejichagulia mwenyewe. Kaa hapo hapo miezi mitatu, pamoja na huyo mwenzako."

Amina za safari hii zilikuwa chache, lakini zilikuwepo. Na hapo Exaucée, aliyekuwa amekwisha kushinda, aliona jinsi wanavyomnyang'anya. Walikuwa wamempa kile kile alichokitaka, miezi mitatu ya kukaa, ila wamekipaka masizi kwanza. Wasichana wale watano waliosimama kando ya ukuta wangekumbuka nini? Wangekumbuka kwamba anayekaa ni mwenye dhambi. Wangesimama mpaka miguu itoboke.

Akasimama. Alisimama kwa sababu alitaka, na mtu akisimama kwa kutaka kwake hasikii uzito ule ule. Akaingia katikati ya viti, kwenye ile njia aliyoiogopa asubuhi. Macho mia nne yakamfuata, na kila jozi aliisikia mgongoni. Kandambili zilikuwa zinapiga sakafu pa, pa, pa. Akapita mstari wa kwaya, akampita mama yake, akafika mbele, akakaa kwenye kiti cha mgeni wa heshima, juu ya kitambaa cheupe.

"Pale ni pa adhabu, Papa," alisema, kwa adabu. "Mimi siko kwenye adhabu. Napumzika."

Guerschom alipiga hatua mbili kuja, akamtazama Mchungaji apate amri. Mchungaji akamtazama Mtume. Mtume alikuwa ameshafungua kurasa zake, na huenda alikuwa na njaa, au huenda alikuwa na binti nyumbani. Alisema tu, "Tusome," na ibada ikasonga.

Kisha kiti kilivutwa mstari wa tatu. Mama yake Exaucée alikuja mbele, amebana mkoba kifuani, hatazami kushoto wala kulia. Alisimama mbele ya binti yake.

"Umeniaibisha," akanong'ona.

"Najua, mama."

"Sogea."

Exaucée akasogea kiti kimoja. Mama akakaa. Hakumshika mkono, wala hakumtazama, lakini alivua viatu chini ya kitambaa kile cheupe na kuvisukuma mbele kwa vidole vya miguu.

Mahubiri yalichukua saa mbili. Exaucée aliyasikia yote tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuwazia masufuria, na baadhi ya maneno aliyaona si ya kweli, na hilo nalo lilikuwa jambo jipya, maana mtu aliyesimama na sinia hana nafasi ya kupima neno la mtu.

Ibada ilipoisha, watu walimwagika uani. Baadhi walimpita Exaucée kwa mbali kama wanavyopita mbali na dimbwi. Msichana mmoja wa protokoli, Babra, alimpita karibu sana akiwa na viti vinne mkononi, akamgusa kwa kiwiko, akaenda zake. Halafu akaja yule mama wa kwaya, yule wa vidole, na nyuma yake wenzake wawili waliokuja kusikiliza.

"Exaucée mwanangu," alisema kwa sauti ya huruma, "sisi tunakuombea. Usitufiche sisi wazazi wako. Ni mwezi wa ngapi?"

Siku nyingine angetazama chini. Alimtazama yule mama machoni, kisha akamtazama mkono wake.

"Anza kuhesabu leo, mama," akasema. "Ukifika tisa, njoo unitafute kanisani Jumapili yoyote. Utanikuta nimekaa."